Mwanangu kasia analiweza, ila akishika kana (mpini wa usukani) anachanganyikiwa. Nifanyeje?

BabaWawili:
Habari za jioni wakuu. Nimewaundia wanangu kijimashua cha plaiwudi, urefu mita mbili na ushei. Binti ana miaka 10, mdogo wake 7. Makasia wameyaweza ndani ya wiki mbili, binti anapita katikati ya maboya bila kuyagusa. Shida imeanza nilipotia mlingoti na tanga. Jumamosi nilikaa naye chomboni, nikamwambia "kushoto!", akavuta kana kushoto, chombo kikaenda kulia, tanga likaanza kupigapiga juu ya kichwa chake. Nikapaza sauti, nikamnyang'anya kana. Akaziba masikio na kulia mpaka ufukweni. Sasa tanga hataki hata kuliona. Naanzaje upya? Na huyu mdogo nimwache kwanza?

MzeeDemani:
Pole, ila hapo mtoto hana kosa. Anayevuta makasia anatazama nyuma, kushoto kwake ni kulia kwa chombo. Umemzoesha hivyo wiki mbili, halafu ghafla umemgeuza uso mbele na kumpa kana inayofanya kinyume cha mkono wake. Hata mimi ningelia.

Maneno "kushoto" na "kulia" yaache kabisa. Mwambie hivi: akisukuma kana kuelekea tanga, omo (mbele ya chombo) inaugeukia upepo na chombo kinapoa. Akiivuta mbali na tanga, chombo kinaukimbia upepo. Yeye akae upande upepo unakotoka, ili tanga liwe mbele ya macho yake muda wote.

Lakini kabla hata ya kana, afundishwe kuachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga. Akiogopa, aachie tu. Tanga litapiga kelele, ndiyo, ila kelele hiyo ndiyo breki yake. Wewe ulipomnyang'anya kana wakati tanga linapiga, ulimthibitishia kwamba hiyo ni hatari. Na demani isifungwe popote, ikae mkononi.

Kishwara:
Mzee kamaliza, mimi naongeza dogo. Anzieni nchi kavu. Kalisha chombo juu ya tairi chakavu kwenye majani, siku yenye upepo kidogo, tanga likiwa juu. Binti akisukuma kana, wewe shika omo uizungushe jinsi ambavyo maji yangeizungusha. Wangu alishinda kutwa akinizungusha, mgongo uliniuma siku tatu, ila tulipoingia majini hakukosea tena.

OmoTezi:
Mkuu, toka chomboni! Chombo cha urefu huo ukikaa wewe nyuma, tezi inazama, omo inaelea hewani, usukani unakuwa mzito. Optimist, ile mashua ndogo ya watoto ambayo Clark Mills aliichora mwaka 1947 kule Florida ili iundwe kwa plaiwudi, ni ya mtoto mmoja na tanga moja, na bodi lake lina kilo 35 tu. Mtoto peke yake anahisi kila anachokifanya. Ukiwa na hofu, funga chombo kamba ndefu uishike ukiwa ufukweni.

Kishwara:
Kamba sikubali sana, inanasa kwenye usukani. Bora ukae kwenye mtumbwi mwingine hatua chache kutoka kwake. Na ufunge mdomo.

MamaNahodha:
Mnazungumzia kana wakati hajasema kama wameshajifunza kupinduka. Chagua siku tulivu, maji ya kifuani kwa mtoto, wote wamevaa majaketi ya kuokolea yaliyowakaa sawasawa (lishike mabegani ulivute juu, likipanda mpaka masikioni ni kubwa), kisha pindueni makusudi. Wakinyanyue, waingie, wafue maji kwa upo (chombo cha kutekea maji). Warudie hadi waanze kucheka. Sheria ni moja tu: chombo kikipinduka hakuna kuogelea kwenda ufukweni, unakishikilia.

Jihadhari na upepo unaotoka nchi kavu. Pembeni maji yanalala kama kioo, unadhani ni siku ya watoto, kumbe ndio unaowapeleka mbali. Makasia yabaki chomboni hata siku ya tanga.

Mdogo asiachwe. Mpe demani, dada ashike kana. Watagombana, lakini watagombana kuhusu upepo.

BabaWawili:
Asanteni. Nimeanza na tairi kama alivyosema Kishwara, jana na leo. Leo binti kaniambia "baba, usiseme chochote", nikanyamaza. Kaachia demani mwenyewe mara nne, kisha akaniuliza tunaingia lini majini. Kupinduka tutafanya Jumapili. Kwa kuelea nimeweka chupa tupu za plastiki za lita mbili chini ya vikalio, kumi kila upande. Zinatosha?

MamaNahodha:
Kila moja inabeba karibu kilo mbili, kwa hiyo una kama kilo arobaini za kuelea. Kwa chombo na watoto walioshikilia pembeni si haba. Ila kaza vifuniko, kisha zifunge kwa wavu na kamba. Kikipinduka, iliyowekwa tu ndiyo ya kwanza kuondoka.

BabaWawili:
Zimewekwa tu. Nakwenda kutafuta wavu.