Mjadala: Je, Galileo alithibitisha kwamba Dunia huzunguka Jua?

Kipimo:
Wakuu, kuna sentensi imezoeleka madarasani na mitandaoni: "Galileo alithibitisha kwa darubini kwamba Dunia huzunguka Jua, Kanisa likaukataa ushahidi." Nasema nusu ya kwanza si kweli na ifutwe. Galileo aliibomoa mbingu ya Ptolemy, mwanafalaki wa kale, basi. Kubomoa nyumba ya jirani si kujenga yako.

Ushahidi wake mzito ulikuwa Zuhura. Kwa Ptolemy, Dunia imetulia katikati, na kila sayari hutembea kwenye duara dogo linalobebwa na duara kubwa. Kitovu cha duara dogo la Zuhura hakibanduki kwenye mstari wa Dunia na Jua, na duara lote liko upande wetu wa Jua. Kwa mpangilio huo, uso wa Zuhura unaopigwa na mwanga umetupa kisogo karibu wakati wote: tungeona hilali tu, mwaka nenda mwaka rudi. Mwishoni mwa 1610 Galileo aliona sura zote, kuanzia hilali kubwa hadi duara zima dogo. Upana wake hubadilika kutoka sekunde 60 za nyuzi ikiwa karibu nasi hadi 10 ikiwa ng'ambo ya Jua (nyuzi 1 ina dakika 60, dakika 1 ina sekunde 60). Wajesuiti wa Chuo cha Roma waliyaona hayo wenyewe, wakayakubali 1611. Ptolemy akawa amekwisha.

Lakini mezani kulikuwa na mpangilio wa tatu, wa Tycho Brahe, uliotolewa 1588: sayari zote huzunguka Jua, na Jua pamoja na msafara wake huzunguka Dunia. Humo Zuhura huonyesha sura zilezile, tarehe zilezile. Nani ana kipimo cha kabla ya Kanisa kumhukumu Galileo 1633 kinachomtenganisha Tycho na Copernicus, aliyeweka Jua katikati?

Kurunzi:
Kipimo, unamwonea mzee. Copernicus alitoa 1543 kitu ambacho Ptolemy hakuwa nacho, yaani umbali wa sayari zote kwa kipimo kimoja. Fanya mwenyewe. Zuhura haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 46 au 47. Ikifika mwisho huo, mstari kutoka kwetu unaigusa njia yake pembeni tu, kwa hiyo pembetatu ya Dunia, Zuhura na Jua ina pembemraba pale Zuhura ilipo. Saini (sine ya hesabu za pembe) ya nyuzi 46 ni 0.719. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya njia ya Zuhura, umbali wetu na Jua ukiwa 1. Copernicus alipata 0.719, leo tunasema 0.723. Hakuwa na darubini!

Maliza sayari zote hivyo, kisha panga muda wa kuzunguka: siku 88, siku 225, mwaka 1, siku 687, miaka 12, miaka 30. Aliye mbali huenda taratibu zaidi, na Dunia inaingia kwenye foleni bila kusukumwa.

Kipimo:
Foleni nzuri, nakubali. Ila pembetatu yako ipo kwa Tycho pia. Chukua mchoro wa Copernicus, ng'oa pini kwenye Jua, ichome kwenye Dunia, kisha zungusha. Hakuna umbali hata mmoja kati ya sayari na sayari utakaobadilika. Huo ni urembo wa hoja. Mimi naomba kipimo.

Bamvua:
Na hoja ambayo Galileo mwenyewe aliiona ndiyo kubwa kuliko zote ilikuwa mbovu. Maji kujaa na kupwa! Kitabu chake cha 1632 alitaka hata kukiita kwa jina la kujaa na kupwa kwa bahari, akakatazwa. Alisema Dunia ikijizungusha huku inalizunguka Jua, upande mmoja mwendo wa aina mbili hujumlishana, upande wa pili hupunguzana, na bahari husukwasukwa kama maji kwenye mtumbwi unaovutwa na kusimamishwa.

Hesabu hiyo inatoa maji kujaa mara moja kwa siku, saa ileile. Mvuvi yeyote kuanzia Lamu hadi Mtwara angemkatalia: maji hujaa mara mbili, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku huchelewa kama dakika 50, sawasawa na Mwezi unavyochelewa. Bamvua (maji kujaa na kupwa sana) huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu (kujaa na kupwa kidogo) huja katikati yake. Hapa kwetu bamvua hupandisha maji karibu mita 4 kutoka yalikopwa. Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani, alishaandika 1609 kwamba Mwezi ndio unaovuta. Galileo akamshangaa mtu mwenye akili vile kuamini Mwezi una mamlaka juu ya maji. Kule kujaa kwa pili kwa siku alikufunika kwa kusingizia kina na umbo la bahari.

Zohali:
Mnazisahau nyota. Hapo ndipo wapinzani walikuwa na hoja ngumu hasa, na si ya kidini hata kidogo.

Dunia ikizunguka Jua, nyota iliyo karibu lazima ionekane ikihama kidogo kila miezi sita, kwa kuwa tunaitazama kutoka ncha mbili za njia yetu. Mhamo huo huitwa paralaksi. Tycho alipima kwa macho kwa usahihi wa dakika 1 au 2, hakuona kitu. Jibu la Copernicus: nyota ziko mbali mno. Sawa. Ila Tycho alikuwa amekadiria pia upana wa nyota, na zile za daraja la 3 la mng'ao alizipa kama dakika 1. Sasa tazama mtego. Ukiwa kwenye nyota hiyo ukaangalia huku, njia nzima ya Dunia itaonekana ina upana usiozidi dakika 1, maana hiyo ndiyo paralaksi iliyomponyoka Tycho. Nyota ikiwa na dakika 1 kutoka huku, na njia yetu ina dakika 1 au pungufu kutoka kule, nyota moja ya kawaida inakuwa pana kama njia nzima ya Dunia au kuizidi. Jua letu lingekuwa punje kando yake. Rothmann, mwanafalaki wa Kassel, Ujerumani, alijibu kwamba ukubwa huo unamfaa Mungu. Yaani wakati huo mfuasi wa Copernicus ndiye aliyekimbilia dini!

Kosa lilikuwa wapi? Upana ule haukuwa wa nyota. Mwanga ukipita kwenye tundu, la jicho au la darubini, hutawanyika kidogo na kuchora kisahani cha uongo. Darubini ilikipunguza kisahani lakini haikukiondoa: Riccioli, Mjesuiti mwanafalaki aliyechapisha 1651 hoja 49 za kuitetea Dunia inayokwenda na 77 za kuipinga, bado aliupima upana wa nyota kwa sekunde kadhaa. Airy, mwanafalaki Mwingereza, ndiye aliyetoa hesabu kamili ya kisahani hicho 1835. Upana wa kweli wa Sirius ni kama sekunde 0.006.

Kulikuwa na njia rahisi ya kukigundua. Mwezi husogea mbele ya nyota kama nusu sekunde ya nyuzi kwa kila sekunde ya saa. Nyota yenye upana wa sekunde 5 ingefifia taratibu kwa sekunde 10 Mwezi unapoifunika. Nyota hazifanyi hivyo. Huzimika ghafla, kama taa umeme ukikatika.

Mizani:
Niongeze kitu kuhusu kabla ya Copernicus, maana watu hudhani enzi za kati zilikuwa usingizi. Mwezi wa Ptolemy ulikuwa unatukaribia hadi nusu kipenyo 33 za Dunia na kwenda hadi 64. Maana yake Mwezi ungeonekana mara nyingine na upana karibu maradufu, jambo ambalo halitokei. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus (alifariki 1375), alirekebisha kosa hilo kwa duara dogo juu ya duara dogo. Mwezi wa Copernicus ni huohuo kihesabu. Njia uliyopitia kufika Ulaya haijathibitishwa, kwa hiyo anayesema "aliiba" anaruka kipimo kama walivyoruka wengine. Ila Ibn al-Shatir aliiacha Dunia katikati. Kurekebisha hesabu na kuhamisha Dunia ni kazi mbili tofauti.

Kurunzi:
Haya, nahama kwa Galileo, natua kwa Kepler. Alichukua vipimo vya Tycho vya Mirihi, akatengeneza njia ya duara iliyokosea kwa dakika 8 tu. Wengine wote wangesherehekea. Yeye alijua Tycho hakosei dakika 8, akaitupa kazi yake na kuishia kwenye duaradufu, 1609. Majedwali yake yalitoka 1627, akafariki 1630. Tarehe 7 Novemba 1631 mwanafalaki Gassendi, akiwa Paris, aliiona Utaridi ikikatiza mbele ya Jua, siku aliyoitaja Kepler. Kosa la majedwali ya Kepler lilikuwa kama dakika 10. Ya wafuasi wa Copernicus waliotangulia yalikosea nyuzi 5 hivi, yaani mara 30. Kipimo, hicho hapo, na ni cha kabla ya 1633.

Kipimo:
Hicho ni kipimo cha duaradufu, na nakipigia saluti. Ila pini bado inang'oka! Duaradufu za Kepler zikilizunguka Jua, na Jua likizunguka Dunia kwa duaradufu, utabiri wa siku ile hautofautiani hata sekunde moja. Kinachokosekana ni sababu: kwa nini kikubwa kimzunguke kidogo, au kidogo kimzunguke kikubwa?

Timazi:
Hapo ndipo fizikia inaingia, na jiometria pekee haina la kusema tena. Newton, 1687. Jiwe hapa chini huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko umbali wa nusu kipenyo 60 za Dunia. Uvutano ukipungua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, kule ni dhaifu mara 3,600, kwa hiyo Mwezi uanguke mita 4.9 kwa dakika nzima. Pima ni kiasi gani njia yake hujipinda kuacha mstari ulionyooka kwa dakika moja: mita 4.9.

Sasa tumia kanuni hiyo kupima nani mzito. Jua liko mbali kuliko Mwezi mara 390 hivi, na mwaka ni mara 13.4 ya mzunguko wa Mwezi. 390 mara 390 mara 390, gawa kwa 13.4 mara 13.4: unapata kama 330,000. Ndiyo mara ambazo tungamo la Jua linaizidi Dunia. Newton mwenyewe alipata namba ndogo zaidi kwa sababu umbali wa Jua ulikuwa haujapimwa vizuri, lakini hata hiyo ilitosha. Mwenye pini ya Tycho aseme sasa ni nguvu gani inayolivuta Jua.

Na tafadhali, anayetaka kuonyesha Dunia inavyojizungusha asikimbilie hapa kwetu pendulamu ya Foucault, yaani tufe linalobembea kwenye waya mrefu huku uelekeo wake ukigeuka polepole kwa sababu Dunia inajizungusha. Ile ya Paris, 1851, ilikuwa na waya wa mita 67 na tufe la kilo 28, na uelekeo wake uligeuka nyuzi 11 kwa saa. Kasi hiyo ni nyuzi 15 kwa saa mara saini ya latitudo. Dar es Salaam (6.8 kusini) mgeuko kamili huchukua siku 8 na zaidi kidogo. Nairobi (1.3 kusini) ni kama siku 44, yaani theluthi moja ya nyuzi kwa saa. Pendulamu fupi ya darasani ikisukumwa kwa mkono huanza kuchora duaradufu badala ya mstari, na duaradufu hiyo hugeuka yenyewe kwa kasi inayozidi theluthi hiyo. Utapima kosa la mkono wako. Ndiyo maana huivuta pembeni kwa uzi na kuuchoma uzi kwa moto.

Ikweta ina faida upande mwingine: kitu kinachoanguka husogea mashariki zaidi hapa kuliko popote. Kutoka mita 100 ni sentimita 2.2. Ifanyie ndani ya shimo la mgodi lisilo na upepo, maana hata upepo mwanana utakupa zaidi ya hizo.

Zohali:
Na mwendo wenyewe wa Dunia kulizunguka Jua alikuja kuupima Bradley, mwanafalaki Mwingereza, bila kukusudia. Desemba 1725 walianza kuitazama nyota iitwayo Gamma Draconis wakitafuta paralaksi. Nyota ilitakiwa ifike mwisho wa kusini mwezi huo. Haikusimama, ikaendelea kushuka hadi Machi. Miezi mitatu nje ya ratiba si paralaksi. Alieleza 1728: ni kasi ya Dunia ikijumuika na kasi ya mwanga. Mvua ya wima humpiga dereva wa bodaboda usoni. Kilomita 30 kwa sekunde gawa kwa 300,000 ni 1 kwa 10,000, sawa na sekunde 20 za nyuzi, ileile kwa kila nyota.

Paralaksi yenyewe ilisubiri hadi mwanafalaki Bessel, 1838: sekunde 0.3, upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka kilomita 14. Na Henderson, aliyepima paralaksi ya nyota Alpha Centauri kutoka Rasi ya Tumaini Jema 1832 na 1833, alichelewa tu kuchapisha. Ingekuwa ya kwanza, na imepimwa Afrika.

Bamvua:
Swali kwa Kipimo. Ukisema ushahidi haukutosha, huoni unawasafisha waliohukumu? Amri ya Kanisa ya 1616 haikusema "leteni kipimo". Washauri waliita fundisho lile upumbavu kifalsafa, na kitabu cha Copernicus kikasimamishwa hadi kisahihishwe. Masahihisho yalitoka 1620. Moja lilikuwa kichwa cha sura: palipoandikwa uthibitisho wa mwendo wa Dunia pakawekwa *dhana* ya mwendo wa Dunia. Ndiyo kazi unayoifanya wewe hapa!

Kipimo:
Umenishika, na kwa kitabu cha 1543 neno "dhana" lilikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba mimi unanijibu hapahapa, wao walifunga mlango: kitabu cha Galileo cha 1632 kilibaki kwenye orodha ya marufuku hadi 1835. Basi nusu ya pili nairekebisha pia. Napendekeza: "Galileo alionyesha 1610 kwamba Ptolemy amekosea. Kepler alitabiri vizuri kuliko wote 1627, Newton akatoa sababu 1687, Bradley akapima mwendo 1728. Kanisa lilipiga marufuku kabla ya hayo kukamilika."

Timazi:
Ongeza Henderson, nami nasaini.

Kurunzi:
Mimi sisaini. "Alitabiri vizuri" ni kumpunja Kepler. Aliyeacha dakika 8 zimsumbue miaka hakuwa mtabiri tu, na pini yako, Kipimo, hakuna aliyeitumia kutengeneza majedwali bora kuliko yake.