Kwani wenyeji wa mitaa ya kale wanawachukia watalii kweli?

Wadau naombeni mnieleweshe. Juzi nimekutana tena na ile video ya Barcelona ya Julai 2024, watu wanaandamana huku wanawarushia watalii maji kwa bastola za plastiki. Sasa hao wageni si ndo wanaleta hela? Nyie mnaokaa mitaa ya zamani inayotembelewa, hiyo ni roho mbaya au kuna kitu sikioni?

JengoLaKona: Roho mbaya iko wapi hapo ndugu. Mi mtaa wa hivyo ndo nimezaliwa, mtalii akipiga picha mlango wangu namsalimia anaenda zake. Shida nyumba. Jengo letu tulikuwa familia sita, saa hii tumebaki mbili, kwingine kote wanakodishia watalii wa siku mbili tatu, wametundika vile viboksi vya funguo vya namba mgeni ajifungulie mwenyewe, usiku wa manane unasikia masanduku ya magurudumu gragragra kwenye mawe alafu mtu anagonga kwako kumbe kakosea mlango. Mama alivyoanguka bafuni nikatoka mbio kuita watu, nimegonga milango minne hamna anayenijua hata jina. Na nikitaka balbu siku hizi napanda basi, mtaani zimejaa sumaku za kubandika kwenye friji za kuuzia watalii tu.

Mzee_wa_Ngazi: Pole kwa mama. Ila bila wageni haya majumba mengi yangeshaanguka, ukarabati wake ghali balaa. Mi nakodisha chumba kimoja na naishi humo humo, nami ni adui?

kodi_juu: Wewe wala mzee wangu, tatizo ni yule mwenye nyumba kumi na haishi kwenye hata moja. Angalia Venice kule Italia, mji wa kale mwaka 1951 ulikuwa na watu kama 175,000, leo hawafiki 50,000. 2024 wakaanza kutoza wageni wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni bila kulala euro 5 siku za msongamano, watu wakalipa wakaingia, kodi za nyumba ziko palepale. Barcelona angalau wamegusa penyewe, meya katangaza leseni za apatimenti za watalii zaidi ya 10,000 hazitaongezwa muda, mwisho Novemba 2028.

Muuliza swali: Aisee, kwa hiyo waliolowa siku ile wamelowa bure, mwenye apatimenti hata hakuwepo.

JengoLaKona: Umeona eeh. Ngoja nishuke, kuna mtu anagonga na sanduku lake.