Naomba ushauri: je, nilipie huduma ya kufuatilia taarifa zangu za mikopo?

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba ushauri wenu. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi taarifa zetu za bima iliniandikia kwamba wadukuzi walichukua majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za wateja, zikiwemo zangu na za watoto wangu. Ilitupa mwaka mmoja wa kufuatiliwa taarifa za mikopo bila malipo. Muda huo unakaribia kwisha, na nikitaka kuendelea itanibidi nilipe kila mwezi.

Ninafahamu kwamba tangu Septemba 2018 sheria ya nchi nzima inamruhusu kila mtu kufunga taarifa zake za mikopo bure katika Equifax, Experian na TransUnion, taasisi tatu kubwa zinazotunza taarifa hizo, ili iwe vigumu kwa mwingine kufungua mkopo mpya kwa jina lake, na kwamba mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Ripoti za taasisi hizo pia hupatikana bure kila wiki. Huduma ya kulipia, kwa jinsi ninavyoielewa, hukujulisha jambo likishatokea, haizuii lisitokee, na hilo ndilo linalonifanya nisite.

Je, kwa mtu aliyekwisha kufunga kote kutatu, malipo hayo yanaongeza ulinzi gani hasa? Nawaomba zaidi wale waliowahi kuibiwa utambulisho wanieleze kama bima ya hasara na msaada wa kusafisha kumbukumbu, ambavyo huduma hizi huahidi, walivipata kweli walipovihitaji.