Kwa nini tezi ya chini ya sikio huvimba kwanza ng'ombe anapougua ndigana kali?

Mfugaji wa Njoro:
Hamjambo wafugaji wenzangu. Nina ng'ombe wa maziwa, machotara wa Friesian, na mtamba wangu mmoja anaendelea kupata nafuu baada ya kutibiwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Daktari alipofika, kabla hata ya kupima joto, alipapasa chini ya sikio, kisha mbele ya bega, akanionyesha tezi zilizovimba. Nimesoma kwamba tezi hizo ni za mfumo wa limfu na kwamba kazi yake ni kuukinga mwili. Ikiwa ni hivyo, mbona kuvimba kwake kunahesabiwa kuwa dalili ya hatari? Na mbona ng'ombe wa kienyeji wa jirani yangu, wanaolisha palepale penye kupe, hawafi?

Daktari wa mifugo, Nakuru:
Ndugu mfugaji, limfu ni majimaji yanayochujika kutoka katika mishipa ya damu, yakapita katikati ya seli, kisha yakakusanywa na mishipa myembamba na kupitishwa kwenye tezi kabla ya kurudi katika damu. Kila tezi hupokea limfu ya eneo lake. Kupe wa kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, hupendelea kujishikiza sikioni, kwa hiyo kimelea anachokiingiza kwa mate yake, Theileria parva, hufikia kwanza tezi iliyo chini ya sikio hilo.

Katika maambukizi mengi, tezi huvimba kwa kuwa limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, zinaongezeka ili kupambana. Ndigana kali ina ukatili wa pekee: kimelea huingia ndani ya limfosaiti zenyewe na kuzilazimisha zigawanyike mfululizo, nacho kikigawanyika pamoja nazo, hata kila seli mpya ikazaliwa na ugonjwa. Ukiishika tezi ile, unachokishika kwa sehemu kubwa ni ugonjwa unaokua ndani ya kinga. Baadaye seli hizo husambaa mwilini, mapafu yakajaa majimaji, na ng'ombe akahema kwa shida huku akitokwa na povu puani. Buparvakwoni, dawa ya kuua kimelea hiki, hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema; mapafu yakishajaa, mara nyingi dawa huwa imechelewa.

Mfugaji wa Busia:
Kuhusu ng'ombe wa kienyeji, naomba tusiseme kwamba hawafi. Huku kwetu ndigana kali huua ndama wengi, na inaumiza kuona mtu akiacha kumwita daktari kwa sababu tu ndama ni zebu, yaani wa kienyeji mwenye nundu. Ni kweli kwamba zebu wa maeneo yenye kupe huvumilia zaidi kuliko ng'ombe wa kizungu, na aliyeambukizwa akiwa mdogo akapona hubaki na kinga. Lakini huyo aliyepona anaweza kubaki na kimelea mwilini bila dalili yoyote, kupe wakakichukua kwake na kukipeleka kwa chotara wa jirani.

Mfugaji wa Njoro:
Nawashukuru sana. Je, nikiwachanja, naweza kuacha kuwanyunyizia dawa ya kupe?

Daktari wa mifugo, Nakuru:
Hapana, usiache. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kiambu, ni vimelea hai vinavyodungwa siku moja na oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ya aina inayodumu mwilini, ili ugonjwa uwe mwepesi na kinga ijengeke. Kinga hiyo hutegemea hasa seli za T, aina ya limfosaiti, zinazotambua limfosaiti zilizoambukizwa na kuziua, kwa maana kingamwili zilizomo katika damu haziwezi kukifikia kimelea kikishajificha ndani ya seli. Kwa kuwa vimelea hivyo huhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, chanjo itolewe na mtaalamu aliyefunzwa. Nayo haikingi ndigana baridi wala babesiosisi, ambayo pia huletwa na kupe. Wanaofuga kwenye malisho yanayopitiwa na nyati wawe waangalifu zaidi, kwani vimelea vinavyotoka kwa nyati vinaweza kumwangusha hata ng'ombe aliyechanjwa.

Unaponyunyiza, hakikisha dawa inafika ndani ya masikio. Kimelea hukomaa katika tezi za mate za kupe baada ya kupe kunyonya kwa siku kadhaa, kwa hiyo kupe anayekufa mapema kwa kawaida huwa hajaambukiza.