Mbio fupi za pikipiki za cc 150 huku kusini: kanuni, gharama, na kama zitadumu. Tupeane uzoefu

Fundi wa Chikongola
Wakuu, habari za jioni. Jambo hili ninalo moyoni tangu msimu wa korosho uliopita. Sisi wa Mtwara na Lindi tunaopenda mbio za mstari mnyoofu, pikipiki mbili mbili, mita 201, tulianza na zile zile tunazopakilia abiria. Sasa anayeshinda ni aliyemwaga hela. Mwaka juzi tulisimama mstarini kumi na wanne, mara ya mwisho watano. Kila aliyewahi kukimbia au kutengeneza aseme: ilikugharimu nini, kanuni gani ilikuumiza, ungetaka iweje. Mambo ya kukimbizana kwenye lami yenye watu tusiyalete hapa. Nasema ile njia ya shambani tunayoiombea ruhusa kijijini.

Naanza mimi. Kanuni yetu ilikuwa moja: injini isiguswe. Akaja kijana na Boxer, kwa nje haina tofauti, hata kiti kimechanika. Alipoiwasha nikajua kwa mlio kwamba silinda imepanuliwa na pistoni si ya kiwandani. Akakataa. Kuhakikisha ni kufungua injini, na ukifungua unahitaji gasketi mpya, nani alipe? Tukamwacha akashinda. Wiki hiyo hiyo wakaja gereji vijana watatu wanataka kama ya yule. Niliwafanyia, pesa nikapokea. Mmoja wao alishindwa kupeleka hesabu ya tajiri wiki mbili, pikipiki ikachukuliwa. Mpaka leo nikimwona anatembea kwa miguu sokoni, roho inaniuma.

Mmakonde wa Masasi
Mkuu umesema kweli. Yangu ni ya sproketi. Niliambiwa nipunguze meno manne nyuma, itakimbia. Kukimbia inakimbia, ila mpaka ichanganye mwenzako keshafika. Mita 201 zinataka kuondoka, kwa hiyo meno ya nyuma yanaongezwa. Nikanunua sproketi ya pili na cheni ndefu zaidi. Jumla laki moja na ushee, na abiria ndio hao hao wa buku.

Nipo Mitwero
Nilifanya kazi Krugersdorp, Afrika Kusini, miaka minne, nikawa naenda kutazama mbio kama hizi kwenye uwanja wa Tarlton. Kitu kilichonishangaza ni gari la kawaida kushindana na gari lililochongwa, na likashinda kihalali. Kila dereva anataja mwenyewe muda wake. Tuseme wewe Boxer umetaja sekunde 13.20, mwenzako wa cc 250 kataja 10.70. Taa yako ya kijani inawaka sekunde 2.50 kabla ya yake. Ukitoka kabla ya kijani, nyekundu, umeshindwa. Na ukidanganya ukataja muda mrefu ili upewe nafasi, halafu ukakimbia chini ya huo muda, umeshindwa pia. Ikiwa wote wawili mmepita chini, anashinda aliyepita kwa kiasi kidogo. Hapo hakuna haja ya kufungua injini ya mtu. Panua silinda upendavyo, utataja muda mdogo tu.

Dada wa Mikindani
Mnaongea pesa, mimi naongea mguu wa mdogo wangu. Alivuka mstari akiwa wa kwanza, watu wanashangilia, mbele kuna mchanga halafu mkorosho. Nafasi ya kusimama ilikuwa fupi kuliko ya kukimbilia. Amelala hospitali ya Ligula wiki sita, mimi ndiye niliyekuwa napeleka uji. Mnapoandika kanuni, andikeni breki kwanza.

Nipo Mitwero
Pole sana dada. Hata Marekani walijifunza hivyo. Dereva Scott Kalitta alifariki kwenye mbio za Englishtown mwezi Juni 2008, na mwezi uliofuata NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi kule, wakapunguza mbio za magari makali zaidi kutoka mita 402 hadi 305, wapate mahali pa kusimamia. Sisi tushuke hadi mita 150, hakuna atakayepungukiwa.

Kijana wa Railway
Mimi hii ya kutaja muda siipendi. Nataka wa kwanza kufika awe ndiye mshindi, basi. Wawekewe kikomo cha injini. Pro Stock, daraja moja la magari la hao hao NHRA, waliwekewa kikomo cha mizunguko 10,500 ya injini kwa dakika mwaka 2016.

Fundi wa Chikongola
Mdogo wangu, mwaka huo huo waliondoa kabureta, na timu zikalazimika kununua mifumo mipya ya kuingiza mafuta. Kikomo kinataka kipimo, na kipimo ni hela. Sisi tuna simu. Nimejaribu jana uwanjani: video ya picha 60 kwa sekunde, unahesabu picha moja moja tangu tairi linapotikisika mpaka linapogusa kamba. Ulikosea picha moja, umekosea chini ya sehemu mbili za mia za sekunde.

Dada, mita 150 za kukimbia na 300 za kusimama, na pasipo na hizo 300 hatukimbii. Kesho asubuhi naenda kupima ile njia kwa kamba. Nahitaji mtu wa kushika upande wa pili, na mwenye simu ya pili inayorekodi hivyo anitafute kabla ya Ijumaa.