Kipima muda chaangusha kiini cha Linux

Muulizaji, Mtwara:
Ndugu zangu, ninaandika moduli (kipande cha programu) ya kiini cha Linux, yaani kernel, sehemu kuu ya mfumo huo, inayorejesha kumbukumbu isiyotumika, nayo huanguka mara kwa mara mod_timer, inayowasha kipima muda, inapoitwa, ingawa muundo wa data (struct) wenye kipima muda hicho nimeutengea nafasi kwa kmalloc bila tatizo. Kosa liko wapi?

Jibu, Lindi:
Ndugu, kmalloc haisafishi nafasi inayoitoa, hivyo kipima muda chako kimebeba mabaki ya aliyetangulia. Ita timer_setup, inayokiandaa kipima muda, kwanza, ndipo mod_timer. Usitegemee kzalloc, inayojaza nafasi hiyo sifuri, peke yake, kwa kuwa sifuri hazikielezi kipima muda kiite kazi (function) gani muda ukifika.

Jibu, Masasi:
Naafiki. Miongozo mingi ingali inafundisha setup_timer, njia ya zamani ya kuandaa kipima muda, iliyoondolewa tangu toleo la 4.15 la kiini, la mwaka 2018. Washa pia CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS, chaguo la kiini la kukagua vipima muda. Itakuonyesha kipima muda kisichoandaliwa.