Wateja viziwi wanapoagiza chakula mkahawani: wao wenyewe wanapendelea njia gani?

Mwenye_Mkahawa (Kibokoni)

Assalaam aleikum, na salamu kwa nyote. Ninaendesha mkahawa mdogo upande wa Kibokoni, hapa Mombasa, na kwa muda sasa tumekuwa tukiwapata wateja viziwi, hasa Ijumaa mchana wakati biriani imeshaiva na watu wametoka misikitini kwa pamoja. Wahudumu wangu wana nia njema, lakini hawaafikiani. Mmoja anashikilia kwamba mteja aandikiwe kila kitu kwenye karatasi. Mwingine anasema karatasi humfanya mtu mzima ajione kama anayefanyiwa mtihani, na kwamba kusema polepole huku midomo ikifunguka vizuri kunatosha. Wa tatu humwendea moja kwa moja yule aliyefuatana na mteja na kumalizana naye, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka.

Nionavyo mimi, ugumu unaanzia mahali pengine. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale haina menyu ya kushika mkononi. Mteja anaketi, mhudumu anamjia na kumtajia orodha kwa pumzi moja: pilau ya ng'ombe, biriani ya kuku, biriani ya mbuzi, wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, mchicha, maharagwe, chapati, na kabla hajafika mwisho keshaitwa meza nyingine. Anayesikia huchagua papo hapo, ilhali asiyesikia hulazimika kutazama sahani za jirani ili ajue jikoni kumepikwa nini. Ningependa viziwi wenyewe, au walio karibu nao, wanieleze wanachopendelea hasa, kwa sababu nimechoka kukisia kwa niaba yao.

Kiziwi_wa_Tudor

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, lugha yangu ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na hula nje mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu. Ninashukuru kwamba umeuliza.

Viziwi hatuna njia moja tunayoipenda sote, kwa hivyo mhudumu aniulize mimi niliye mbele yake. Kuuliza kwenyewe hakuhitaji maneno: anionyeshe menyu, kalamu na simu kwa pamoja, nami nitachukua ninachokitaka. Kwa upande wangu, napendelea kuonyesha kwa kidole kwenye menyu yenye bei, kisha kuandika kwenye simu yale machache ambayo menyu haikuyataja. Simu ni bora kuliko karatasi kwa sababu herufi zake zinasomeka, wala hakuna anayehangaika na mwandiko wa mwenzake. Ninao rafiki ambao wangependelea karatasi, na wengine hawataki kuandika kabisa, wanataka ishara za mikono na vidole vya kuhesabia, na mambo yao huenda sawa.

Kuagiza biriani si kazi. Kazi ni maswali yanayofuata baada ya biriani: paja au kidari, pilipili iwepo au isiwepo, kachumbari juu ya wali au kando, maji ya baridi au ya kawaida, unakula hapa au unafungiwa. Maswali haya ndiyo mhudumu huyauliza akiwa ameshageuza uso kuelekea jikoni, na mimi huona kisogo chake tu. Kisha chakula kinakuja kimejaa pilipili, na mimi ndiye ninayeonekana mkaidi ninapokirudisha. Ukiyaandika maswali hayo chini ya menyu, kila moja na majibu yake kando, kidole changu kitayajibu yote kwa muda mfupi kuliko unaotumiwa na mteja anayesikia.

Kuhusu kusoma midomo, naomba yule mhudumu wako asitegemee sana. Sauti za p, b na m hufungwa midomo kwa namna ile ile, hivyo anayesema "pili" na anayesema "mbili" hawana tofauti machoni mwangu. Sauti za k na g hutoka nyuma ya kinywa ambako jicho halifiki. Neno "kuku" linanionyesha midomo iliyochongoka na hakuna zaidi. Baadhi yetu wana kipaji cha kuunganisha midomo, uso na mazingira wakapata maana, lakini hata wao hukisia sehemu kubwa, na kukisia huchosha. Mtu anapopanua kinywa kupita kiasi ndipo anapoiharibu kabisa sura ya neno. Anayetaka kusema na aseme kwa mwendo wake wa kawaida, uso ukiwa kwenye mwanga, bila kutafuna na bila kuziba mdomo kwa mkono au kijitabu cha maagizo.

Na kuandika nako kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika mitihani ya kitaifa, wanafunzi viziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tuliopitia shule za viziwi tunasoma Kiingereza kwa wepesi zaidi, na Kiswahili cha maandishi tumekiokota mitaani na kwenye simu. Hapa Mombasa, ambapo kila mtu hudhani Kiswahili ndicho rahisi kwa wote, mhudumu huniandikia sentensi ndefu ya adabu nzuri kabisa, nami ninaisoma kwa kubabaisha. Aandike maneno machache: "Mbuzi imekwisha. Kuku ipo." Na mteja akijibu kwa Kiingereza kilichopangwa kwa mpangilio usiouzoea, usimdhanie kuwa hakusoma, sarufi ya ishara ina mpangilio wake, na mtu aliyekulia ndani yake huuhamishia kwenye maandishi.

Yule wa tatu, anayezungumza na niliyefuatana naye, ndiye anayeniudhi kuliko wote. Ninapokula na mpwa wangu, mtoto wa shule ya msingi, anaulizwa yeye: "Huyu anakula nini?" Pesa ni zangu na tumbo ni langu. Hata kama mwenzangu anafasiri, mhudumu anitazame mimi anaposema.

Binti_wa_Likoni

Ndugu wa Tudor amesema vyema, lakini naomba kuongeza habari za kundi lingine. Baba yangu alipoteza usikivu uzeeni. Hajui ishara hata moja, kujifunza hataki, na ukimpelekea kalamu anahisi umemtenga. Yeye hutaka asemeshwe kama zamani, ana kwa ana, kwa sauti ya kawaida iliyo wazi. Ukipiga kelele sauti hugeuka na kifaa chake cha masikioni humuumiza.

Kifaa hicho hukuza kila kitu kilichopo: feni, televisheni, sufuria zinazogongana na honda zilizoko barabarani, yote kwa pamoja na sauti ya mhudumu. Kwa hiyo sisi humwomba mwenye mkahawa meza ya kona, mgongo wa baba ukiwa ukutani, na ikiwezekana televisheni ipunguzwe. Asipolipata neno mara mbili, mhudumu asilirudie kwa mara ya tatu vile vile, bali abadilishe namna ya kusema. "Unataka chai?" ikishindikana, amwonyeshe birika. Wazee hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, na kwa kuwa hawajiiti viziwi, hakuna anayewafikiria.

Mkalimani_Pwani

Nimefanya kazi ya ukalimani wa Lugha ya Ishara kwa miaka kadhaa hapa Mombasa, na ninakubaliana na mengi yaliyokwisha kusemwa, ingawa ningependa tusiiweke ishara nyuma sana kama kwamba ni pambo la ziada. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano, na kifungu cha 120 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha yenye hadhi hiyo haistahili kuonekana kituko mkahawani.

Mhudumu hahitaji kuwa mkalimani. Ajifunze salamu, ahsante, majina ya vyakula vinavyopikwa hapo, imekwisha, subiri, kiasi gani, na tarakimu. Msamiati huo hautoshi kufanya mazungumzo, lakini viziwi wengi watakwambia kwamba mhudumu anayejua ishara chache kwa usahihi huwafanya warudi. Tahadhari yangu ni kwamba asijifunze kwenye video za Marekani. Lugha za ishara hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na ishara nyingi za vyakula vya Pwani hutazipata huko. Hapa tuna Shule ya Viziwi ya Ziwani, na kule Kilifi ipo ya Kibarani, kwa hiyo watu wa kuwafundisha wahudumu hawako mbali. Akifundisha kiziwi mwenyewe, na alipwe kwa kazi yake. Si haki kumwomba mteja aliyekuja kula awe mwalimu wa bure.

Wengine wamekwenda mbali zaidi na kuwaajiri viziwi wenyewe. Jijini Nairobi upo mkahawa wa Pallet Café, ambao wahudumu wake wengi ni viziwi na wageni hujifunza ishara za msingi ili waagize. Kule Iringa, Tanzania, kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu, na mkahawa wake huhudumiwa na viziwi. Mjini Washington, kampuni ya Starbucks ilifungua mwezi Oktoba 2018 duka ambalo wafanyakazi wake wote hutumia ishara, karibu na Chuo Kikuu cha Gallaudet, ambacho ni chuo cha viziwi, na asiyejua ishara huandika agizo lake, kisha kinywaji kikiwa tayari jina huonekana kwenye skrini badala ya kuitwa kwa sauti. Katika maduka kama hayo mwenye kuhangaika kidogo ni anayesikia, na sioni ubaya wowote akionja upande huo mara moja moja.

Dereva_wa_Boda

Mimi hupeleka vyakula majumbani, na ninaomba mikahawa itusaidie katika jambo moja. Mteja kiziwi anapoagiza kwa simu huandika kabisa kwamba asipigiwe, atumiwe ujumbe. Maelezo hayo hubaki kaunta, nami napewa mfuko na namba tu. Napiga, haipokelewi, mwenye mkahawa anasema mteja amepotea, na chakula kinarudi kimepoa. Andikeni juu ya risiti, kwa herufi kubwa, kwamba mteja ni wa ujumbe. Nikifika mlangoni nitatuma picha ya lango, naye atatoka.

Mwenye_Mkahawa (Kibokoni)

Nawashukuru nyote, na hasa kwa lile la maswali yanayofuata baada ya biriani, maana sikuwahi kulifikiria kuwa ndicho kiini. Nitachapisha menyu yenye picha na bei, na maswali hayo yatakuwa chini yake.

Yamebaki mawili. Mmoja wa wahudumu wangu wa kike huvaa nikabu, na sitaki kumwondoa kwenye meza wala kumwomba aivue. La pili ni chakula cha kufungiwa. Ijumaa kaunta hujaa watu, nasi huita majina kwa sauti. Mteja kiziwi husimama hapo hadi watu wapungue ndipo tumwone.

Kiziwi_wa_Tudor

Kuhusu dada yetu mwenye nikabu, mimi sioni tatizo, kwa kuwa kama nilivyosema midomo hainisaidii sana. Macho yake na mikono yake vinatosha, mradi awe na menyu na simu. Sehemu ya uso hutumika katika sarufi ya ishara, lakini kwa kuagiza wali na samaki nyusi zinatosha kuuliza. Atakayepata shida ni mzee kama baba wa dada wa Likoni, na kwa huyo mhudumu mwingine anaweza kusogea bila kelele. Zipo pia programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Zijaribuni, ingawa katikati ya makelele ya Ijumaa, na kwa Kiswahili chetu cha Mombasa kinachokwenda mbio, huandika vioja.

Menyu peke yake haitafaa kitu ikiwa inataja chakula kilichokwisha tangu saa saba. Wekeni ubao karibu na mlango, na kila kinachokwisha kifutwe hapo hapo. Kwa malipo mna nafuu tayari: namba ya till imeandikwa ukutani na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi kwa pande zote mbili. Anayelipa taslimu aonyeshwe jumla kwenye kikokotoo kabla ya kutoa pesa, asitajiwe kwa mdomo.

Kwa chakula cha kufungiwa, mpeni kila mteja namba kwenye risiti, kwa wote, si kwa viziwi peke yao, na anayegawa ainue kibao chenye namba hiyo juu ya vichwa vya watu huku mkiendelea kuita kwa sauti kama kawaida. Kama mteja hajatazama, apungiwe mkono ndani ya upeo wa macho yake, au aguswe bega kidogo na aliye karibu naye. Asivutwe nguo, wala asirushiwe kitu. La pili hilo limenipata katika mkahawa mmoja wa hapa mjini, na sijarudi tena.